Shokapu za Mbele

Nilifundisha kwa miaka 38, na katika miaka hiyo 19 nilikuwa mwalimu mkuu. Mtu akikaa katika kiti hicho kwa muda mrefu kiasi hicho, huzoea jambo moja ambalo hulitambua akishastaafu tu: huzoea kuwa yeye ndiye anayejua. Walimu humwuliza yeye, wazazi humwuliza yeye, hata mratibu wa elimu akija humwuliza yeye. Siku anapokabidhi ofisi na funguo za stoo, maswali hukoma, lakini ile hali ya kujua haimtoki. Huenda nayo nyumbani. Mimi nilikwenda nayo nyumbani, na baadaye nikaipandisha juu ya pikipiki. Habari ninayotaka kumsimulia msomaji ni namna nilivyoteremshwa.

Nilistaafu mwaka 2010, nikiwa na umri wa miaka 60, tukahamia Mombo, chini ya milima ya Usambara, pale barabara ya Lushoto inapoachana na barabara kuu iendayo Moshi. Kwa miaka michache nilitumia baiskeli, kisha goti langu la kulia likaanza kugoma. Pikipiki za bodaboda ni ndefu. Kuivusha tu ile miguu juu ya kiti ilikuwa adhabu. Mwaka 2016, nikiwa mjini Tanga, niliona pikipiki iliyotumika, iliyoletwa kutoka Japani, ya aina iitwayo kruza. Asiyeijua aina hii na aielewe hivi: kiti chake kiko chini, yapata sentimita 70 tu kutoka ardhini, usukani umerudishwa nyuma kumfuata mpandaji, miguu yake huwekwa mbele kama ya mtu aliyekaa kibarazani. Gurudumu la mbele limesukumwa mbali, na ile miguu miwili ya chuma inayolishika imelala kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Injini yake ni ya cc 250, ina silinda mbili zilizokaa kama herufi V. Nilipoketi, goti halikulalamika. Nikainunua siku ileile.

Vijana wa bodaboda pale stendi waliipa jina la Kitanda. Mke wangu hakuuliza bei yake. Aliuliza kiti cha nyuma kikoje. Akakikalia, akakipapasa, akasema kinafaa. Kuanzia hapo tulikwenda pamoja kila mahali: kanisani, misibani, kwa dada yake Lushoto. Barabara ya kwenda huko ni ya lami, yapata kilomita 33, na karibu yote ni kona. Upande mmoja ni ukuta wa mlima na upande wa pili ni bonde. Tulipanda polepole tukiongea, na tukifika Soni tulisimama kunywa chai na kusikiliza maji yanavyoanguka. Kwa watu waliolea watoto watano na wanafunzi wasiohesabika, ilikuwa kama tumeanza ujana tuliokuwa tumeuahirisha.

Pembeni mwa barabara kuu, chini ya mwarobaini, kuna fundi wa pikipiki. Gereji yake haina ukuta wala kibao. Ana benchi moja, makopo ya spana, na turubai la kuzuia mvua. Mwaka 2018 nilimpelekea pikipiki anibadilishie mnyororo. Alipomaliza hakunirudishia funguo mara moja. Alishika usukani, akabana breki ya mbele, akaikandamiza pikipiki kwa uzito wake. Sehemu ya mbele ikazama, ikarudi, ikazama tena kidogo, ikarudi. Akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye chuma king'aacho cha mguu wa kushoto, akanionyesha: oili.

"Mwalimu," alisema, "shokapu za mbele zimechoka. Oili sili zimekufa, na springi nadhani zimelegea. Ukiwa na mama nyuma, siku ukibana breki ghafla zitakuzamia."

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye benchi, akisubiri. Alisikia.

Nikamjibu kwamba hii ni pikipiki ya starehe, imeundwa iwe laini. Nikaongeza maelezo marefu kuhusu tofauti ya pikipiki za kazi na pikipiki za safari, mambo niliyoyasoma katika kitabu chake cha maelekezo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, Mwalimu." Naijua ile sawa. Niliisikia madarasani miaka 38. Ni sawa ya mtoto aliyekwisha jua kuwa hasikilizwi.

Hata hivyo neno lake lilinikaa. Siku chache baadaye niliamua kuitengeneza mwenyewe, maana kitabu ninacho, na kusoma najua. Nilifungua vifuniko vya juu vya ile miguu, nikaongeza oili ya injini, ile nzito ya namba 40, nikiamini kuwa oili nzito ni oili ngumu na haitavuja sana. Kisha juu ya kila springi nikapanga washa nne za chuma ili ikazike. Nilipofunga, sehemu ya mbele ilisimama juu zaidi. Nikaikandamiza kama nilivyomwona fundi akifanya, haikuzama upesi. Nilimwita mke wangu aje aone. Alisema, "Hongera, Mwalimu," akarudi jikoni.

Ni kweli kwamba baada ya hapo, nikipita penye changarawe, mikono iliniwasha kama iliyoshika mashine ya kusaga. Nilijiambia kwamba ni uzee.

Mwezi wa Agosti 2019 tulikuwa tunateremka kutoka Lushoto. Ilikuwa saa tisa alasiri, barabara kavu, mwendo wangu kama kilomita 40 kwa saa. Tulikuwa tumeipita Soni. Nilipotokea kwenye kona, mbuzi alikata barabara akiburuta kamba, na nyuma yake mtoto wa kiume, labda wa miaka saba, macho yote kwa mbuzi. Nilibana breki zote mbili. Sehemu ya mbele ikashuka, ikaendelea kushuka, kisha nikasikia chuma kikigonga chuma. Wakati uleule gurudumu likakuta ukingo wa kiraka cha lami. Halikuwa na mahali pa kwenda. Liliruka pembeni kama jiwe lililotupwa, na sisi tukaanguka upande wa mlima. Namshukuru Mungu kwamba haukuwa upande wa bonde.

Mtoto alisimama katikati ya barabara, kidole mdomoni, mzima. Mbuzi alikwisha kwenda zake. Mimi nilichunika kiwiko. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye majani akiushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, na kiganja kilikaa vibaya. Nilipiga magoti mbele yake. Hakulia. Alinitazama akasema maneno mawili:

"Mwalimu, uliambiwa."

Alivaa plasta wiki sita. Katika wiki hizo nilijifunza kusonga ugali, nikajifunza pia kwamba kuna kimya ambacho si cha hasira. Alinishukuru kwa kila sahani. Lakini pikipiki ilipowashwa uani, alikuwa akiingia ndani.

Nilikaa zaidi ya mwezi kabla ya kwenda kwa fundi. Nilikwenda kwa miguu. Alinipa shikamoo, nikaitikia, nikaketi kwenye benchi lake. Nilimweleza yote, pamoja na washa na oili ya injini. Sikumsikia akicheka. Aliokota kijiti, akafagia mchanga kwa kiganja, akaanza kuchora. Hapo ndipo nilipokuwa mwanafunzi.

Mguu wa mbele wa pikipiki, alinieleza, ni mirija miwili, mmoja ukiteleza ndani ya mwingine. Ndani mna vitu viwili vyenye kazi mbili, na kosa langu lilikuwa kuzichanganya. Springi hubeba. Oili hutuliza. Springi peke yake ingeendelea kudunda kila ikipita shimo. Oili hulazimishwa kupita katika tundu ndogo, na kule kupita kwa taabu ndiko kunakozuia mdundo. Sasa, oili nzito haibebi mzigo hata kidogo. Ukisimamisha pikipiki na kuikalia, itazama palepale. Kinachobadilika ni upesi wa kuzama. Na tundu lile lina tabia yake: mwendo wa oili ukiongezeka maradufu, ukinzani wake huongezeka karibu mara nne. Ndiyo maana nilipoikandamiza uani kwa mikono niliona imetulia, lakini tairi lilipogonga jiwe kwa kasi, oili ile nzito ilikataa kupita, na pigo lote likaja mikononi mwangu.

Washa nazo haziongezi ugumu wa springi. Zinaiminya tu kabla haijaanza kazi, kwa hiyo pikipiki husimama juu zaidi, na mwenye pikipiki hufurahi. Springi ikiwa laini, inabaki kuwa laini ileile. Ukitaka ibebe zaidi kwa kila milimita, sharti ubadilishe springi yenyewe: waya mnene zaidi, au mizunguko michache zaidi.

Nilirudi nyumbani nikachukua daftari, nikafanya hesabu ambayo ningeweza kuwapa darasa la saba kama wangekuwa na subira. Pikipiki ina kilo 140, mimi 80, mke wangu 70 kwa mujibu wa kadi yake ya kliniki. Jumla 290. Ukibana breki kwa nguvu iliyo sawa na nusu ya uzito huo, sehemu ya mzigo huhama kutoka gurudumu la nyuma kwenda la mbele. Kiasi chake hupatikana kwa kuzidisha nguvu hiyo kwa kimo cha kitovu cha uzito, kisha kugawanya kwa umbali baina ya magurudumu. Nilichukua kimo cha mita 0.6 na umbali wa mita 1.5. Jibu ni kilo 58. Yaani mfuko wa saruji na zaidi, unaorushwa juu ya miguu ya mbele katika muda wa kupepesa jicho, wakati unateremka. Na si huo tu. Kwa kuwa miguu ya kruza imelala, ardhi inapolisukuma gurudumu nyuma wakati wa breki, sehemu ya msukumo huo nayo huiminya springi. Ule ulalo unaompendeza mtu machoni una gharama yake.

Fundi alipima tulivyosimama. Alifunga kamba ya plastiki, ile ya kubania nyaya, kwenye mrija king'aa, ili uzamaji uisukume na kuiacha hapo kama alama. Mguu mzima una safari ya milimita 140. Baada ya kuzitoa washa zangu na kunikalisha peke yangu, ulizama milimita 62, pikipiki ikiwa haijasogea. Kanuni, alisema, ni kwamba kukaa tu kusile zaidi ya robo au theluthi ya safari. Kinachobaki ni akiba ya breki na mashimo. Mimi nilikuwa nimekula karibu nusu kabla sijatoka nyumbani, na tukiwa wawili ilikuwa zaidi ya nusu. Siku ile ya Agosti tulifika mwisho wa akiba, na chuma kikagonga chuma. Shokapu ikifika mwisho, springi inayobaki ni tairi peke yake, na tairi likirushwa na kiraka haliwezi tena kuishika barabara.

Nilimwuliza alijifunza wapi haya. Alisema kwa kufungua.

Neno hilo lilinirudisha mbali. Fundi huyu alikuwa mwanafunzi wangu. Mwaka 1991 alikuwa darasa la sita, mtoto mwenye alama za chini na mikono isiyotulia. Shule yetu ilikuwa na mashine moja ya kurudufia mitihani, nayo ilikuwa imekwama. Nilikuwa nimeandika barua wilayani kuomba fundi. Asubuhi moja nilimkuta kijana huyu katika stoo, mashine imefunguliwa, vipande vimepangwa sakafuni juu ya gazeti. Nilimchapa viboko vinne mbele ya mstari wa asubuhi. Katika taarifa yake ya mwisho wa muhula niliandika kwa mwandiko wangu: "Ni mharibifu. Hana mwelekeo wa masomo." Mchana wa siku ile ile mashine ilirudufu mitihani ya shule nzima. Nilimwambia msaidizi wangu kwamba labda ilikuwa imepumzika.

Na mimi nilikuwa mwalimu wa namna gani? Niliingia chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ndiyo iliyokuwa hewa tunayovuta. Tulifundishwa kwamba akili na mikono havitengani, kwamba shule isiyomwezesha mtoto kufanya kazi inamdanganya. Niliyasema hayo katika mikutano ya wazazi kwa sauti kubwa. Nilisimamia shamba la shule na mabanda ya kuku. Lakini mtoto alipotumia mikono yake bila kuagizwa, niliona utovu wa nidhamu.

Nakumbuka pia mazoezi yangu ya kwanza ya kufundisha. Mkufunzi alikaa nyuma ya darasa dakika 40, akaondoka bila neno. Katika faili langu aliandika: "Somo limeandaliwa vizuri. Anaongea mno. Halisikilizi darasa." Niliona ameninyima haki. Faili lile sinalo tena, lakini sentensi ile ya mwisho nimeishi nayo zaidi ya miaka 50, na nadhani nilianza kuielewa kwenye benchi la chini ya mwarobaini.

Springi tulizozihitaji hazikupatikana Tanga wala Dar es Salaam. Fundi aliniambia angeweza kukata mizunguko ya zile za zamani ili ziwe ngumu zaidi, lakini chuma chenyewe kimechoka, hakukiamini. Alikokotoa kwamba tunahitaji springi zenye ugumu wa kilo 0.8 kwa milimita moja, kila mguu. Za zamani zilikuwa kama 0.5 tu. Nilimwandikia mwanangu anayefanya kazi Uingereza. Zilichukua miezi mitatu kufika, ndani ya begi la mtu aliyekuja likizo, zimeviringishwa katika sweta.

Katika kungoja huko nilisoma. Nilijua sasa kwamba wenzetu nao walichukua muda kulielewa jambo hili. Pikipiki za mwanzo zilikuwa na springi mbele bila kitu cha maana cha kuzituliza. Msuguano wa viungo ndio uliofanya kazi hiyo. Ilikuwa mwaka 1935 ndipo BMW ya Ujerumani ilipotoa pikipiki zenye miguu ya mirija yenye oili ndani, na Harley-Davidson ya Marekani, ambayo kruza nyingi zinaifuata kwa sura, ilisubiri hadi mwaka 1949 ndipo ikaweka mirija ya namna hiyo katika ile waliyoiita Hydra-Glide. Watu wenye viwanda na wahandisi walihitaji miaka. Lilinifariji kidogo.

Tulifanya kazi hiyo Jumamosi moja ya Januari 2020. Nasema tulifanya, ingawa mimi nilishika taa na kupokea nati. Fundi aliinua pikipiki juu ya gogo chini ya injini, akatoa gurudumu la mbele, akaining'iniza breki kwa waya ili isivute bomba lake. Vifuniko vya juu alivifungua taratibu, kiganja juu, kwani springi iliyominywa humrushia kifuniko asiye na adabu. Oili ilimiminika kwenye karai, nyeusi yenye kijivu, kama maji ya kuoshea sufuria. Springi alizilaza sambamba mezani: moja ilikuwa fupi kuliko mwenzake kwa milimita 9. Miaka yote ile mguu mmoja ulikuwa ukifanya kazi ya miwili.

Mirija aliibiringisha juu ya kipande cha kioo kuona kama imepinda, haikupinda. Vidoa vya kutu alivisugua kwa msasa laini sana na oili. Sili mpya alizipachika kwa kuzigonga polepole na kipande cha bomba la plastiki, akizunguka ukingo wote, ili zisiingie upande. Oili mpya ilikuwa ya namba 10, nyepesi, ya shokapu hasa. Hakuipima kwa kopo pekee. Aliuminya mguu hadi mwisho bila springi, akachovya rula, akahakikisha miguu yote miwili ina nafasi ya milimita 140 kutoka mdomoni hadi kwenye oili. Hewa inayobaki hapo juu, alisema, nayo ni springi: mguu ukizama huminywa, na ukizama sana hukaza. Ukijaza oili kupita kiasi hewa hukosa nafasi na sili hupasuka. Nilikumbuka nilivyokuwa nimejaza kwa kukisia.

Zikabaki zile pingili za kukaa juu ya springi, za kuiminya kidogo mwanzoni. Alizikata kutoka bomba gumu la maji, lakini hakuzifikisha urefu wa mwisho. Aliweka msumeno chini.

"Hapa namhitaji mama," alisema. "Nikupime nawe peke yako, nitakuwa nimekutengenezea wewe peke yako."

Nilimwambia hatakuja. Nikasema tuweke mfuko wa mahindi wa kilo 70. Alitikisa kichwa. Mfuko, alisema, haukai kama mtu.

Nilikwenda nyumbani kumwambia mke wangu, nikiwa na hofu kuliko siku niliyokwenda kwao kuposa. Nilianza kueleza safari ya shokapu, robo na theluthi. Akaniinulia mkono wake wa kulia, ule uliopona ukiwa na upinde mdogo, nikanyamaza. Aliuliza, "Fundi ndiye aliyesema nije?" Nikasema ndiye. Akachukua kanga yake.

Alikuja, akasalimiwa, akapanda nyuma yangu pikipiki ikiwa imesimama chini ya mwarobaini, vijana wawili wameishikilia. Hatukuwa tumekaa hivyo tangu Agosti. Mikono yake haikunigusa. Alishika chuma cha nyuma. Fundi alichuchumaa, akasoma rula, akatuteremsha, akakata, akaturudisha. Mara ya tatu akasema: milimita 39. Mimi peke yangu, 30. Alifurahi kama aliyesahihisha mtihani na kukuta hakuna kosa. Mke wangu alishuka, akamshukuru, akarudi nyumbani kwa miguu.

Tulipobaki wawili nilijaribu kusema nililokuja nalo. Nilisema, "Mwanangu, ile mashine ya shule, mwaka 1991." Nilitaka kuendelea na viboko, na ile taarifa. Uso wake ukachangamka kabla sijafika huko.

"Ilikuwa springi, Mwalimu!" alisema. "Springi ndogo ya kurudishia roli, ilikuwa imeteguka kwenye ndoano yake. Kitu cha hivi tu." Akanionyesha urefu wa kucha ya kidole gumba.

Sijui kama alinikatiza kwa makusudi. Nilimwomba radhi hata hivyo, kwa maneno ya kawaida, na yeye akaitikia, "Yamepita, Mwalimu," huku akifuta spana. Nililipa fedha alizotaja. Nilipotaka kuongeza alizirudisha.

Pikipiki sasa ni kitu kingine. Nikibana breki mbele inainama kwa kiasi, inakaa, inanisubiri. Changarawe naisikia lakini hainipigi. Kwenye kona za kuteremka gurudumu hukaa chini, na tairi lafanya kazi yake. Hakuna kinachoonekana kwa nje. Mtu akiiegesha karibu na nyingine kama yake hataona tofauti. Yote imo ndani ya mirija miwili, na katika akili ya mtu mmoja asiye na kibao.

Miezi ilipita kabla mke wangu hajasema neno. Kisha asubuhi moja ya gulio alitoka amevaa viatu vya safari, kikapu mkononi, akasimama karibu na kiti cha nyuma. "Nitapanda nawe hadi Soni," alisema. "Kupanda. Kuteremka nitateremka na basi."

Ndivyo tunavyofanya hadi leo. Tunapanda pamoja, polepole, tukiongea. Tunakunywa chai pale pale. Kisha yeye hupanda basi dogo, nami hushuka nyuma yake kona kwa kona, nikiitazama kanga yake dirishani. Fundi ananiambia kwamba shokapu zile zinaweza kutubeba sote wawili kuteremka bila shida yoyote, na hesabu yangu inakubaliana naye. Sijamwambia mke wangu. Anajua.